Sherehe ya klabu ya gemu: zawadi na zamu bila watu kukaa bure

Sherehe ya mwisho wa mwaka ya klabu ya gemu huharibiwa zaidi na kusubiri. Watu husubiri kura irudiwe, gemu isasishwe, zamu ifike. Karibu yote haya yanazuilika kabla ya siku yenyewe.

Zawadi, ambapo kila mtu humpa mwenzake mmoja kwa siri, zianze kupangwa wiki 3 kabla. Kila mtu akiokota jina kwenye kofia, uwezekano wa angalau mmoja kuokota jina lake mwenyewe ni takriban asilimia 63, muwe 6 au 60. Hapo kura inarudiwa na siri zinaanza kuvuja. Tumieni duara. Mtu asiyeshiriki aandike majina kwenye vikaratasi, avichanganye, avipange kwa mstari: kila jina linampa zawadi linalofuata, la mwisho linampa la kwanza. Mke na mume wakiangukia jirani, sogeza kikaratasi kimoja. Uzuri wa duara unaonekana mtu akijitoa: aliyepaswa kumpa yeye sasa anampa yule ambaye angepewa naye, na wengine wote wanabaki walivyo.

Kikomo cha juu cha bei hakitoshi, wekeni na cha chini, la sivyo mmoja atapata gemu mpya na jirani yake kibandiko. Kila mshiriki aulizwe mambo matatu: konsoli yake (mashine ya kuchezea gemu), nchi ambayo akaunti yake imesajiliwa, na gemu alizonazo. Swali la nchi ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloumiza, maana kadi nyingi za zawadi hukubaliwa na akaunti za nchi au eneo lake tu. Kwa wenye konsoli, kumbukeni kwamba Xbox Series S haina sehemu ya diski, hivyo gemu ya diski haimfai mwenye nayo. Wekeni pia zawadi 2 za akiba zisizotegemea konsoli. Waya mrefu na imara wa USB-C unawafaa wengi.

Siku moja kabla, washa kila konsoli, sasisha mfumo na gemu, kisha fungua kila gemu hadi menyu yake. Televisheni iwekwe kwenye hali ya gemu, la sivyo vidole vitatangulia picha na watu watalaumu padi (kifaa cha mkononi cha kuchezea). Padi zote zichajiwe na zibandikwe jina la mwenyewe. Padi ya Nintendo Switch ikiunganishwa na konsoli ya mwenyeji, inabidi iunganishwe upya kwa mwenyewe ikirudi nyumbani; mwambieni mapema asidhani imeharibika. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, na birika la umeme likae kwenye soketi ya mbali. Chakula kiwe cha kuliwa kwa uma au kijiti, kwa sababu mafuta hunasa kwenye vitufe.

Mashindano ya mtoano hatuyapendekezi hata kidogo. Watu 16 wana mechi 15, lakini baada ya raundi ya kwanza 8 hawana la kufanya. Bora Mario Kart 8 Deluxe, gemu ya mbio za magari: watu 4 kwa skrini, konsoli 2, nusu wanacheza na nusu wanakula, kisha wanabadilishana baada ya mbio 4, yaani kikombe kimoja. Kila mmoja acheze vikombe 3 na wapinzani tofauti, alama zijumlishwe, 4 wa juu waingie fainali. Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya mapigano, inaruhusu 8 kwa pamoja, ila kwenye televisheni ndogo kamera hurudi nyuma mno na watu hupoteza wahusika wao.

Zawadi zifunguliwe kabla ya fainali, wakati wote bado wapo. Wa kwanza anafungua na kukisia mtoaji; mtoaji akijulikana, ni zamu yake kufungua. Kwa kuwa mlipanga duara moja, mnyororo huo unamfikia kila mtu. Waliopata kadi za zawadi wakwangue nyumbani: namba ya siri ya kadi ikionekana kwenye picha iliyotumwa mtandaoni, yeyote anaweza kuitumia kabla ya mwenyewe.