Kuomba hela kwa watu usiowajua

Yaani kuna kitu nimekigundua kuhusu hizi posti za kuomba msaada mitandaoni, wanaochangiwa sana siyo lazima wawe wenye shida kuliko wote, ni wale wanaojua kuhadithia. Mcheki Karyn Bosnak, mdada wa New York, mwaka 2002 alikuwa na deni la zaidi ya dola 20,000 kwenye kadi zake za mkopo (credit card) na hakuwa mgonjwa wala nini, hela ilienda kwenye nguo na mikoba ya bei mbaya, basi akafungua tovuti akasema ukweli wote huku anajicheka mwenyewe, akaomba watu watume hata dola moja tu. Na wakatuma! Wengine walimtukana (ningekuwepo labda na mimi ningemtukana kidogo) ila deni liliisha mwaka huohuo, japo na yeye alibana matumizi akauza vitu vyake eBay.

Mimi sasa nshawahi kumtumia mtu nisiyemjua, aliweka picha ya mtoto amelazwa, wiki mbili baadaye naikuta picha ileile kwenye akaunti nyingine, jina jingine, ugonjwa mwingine. Kilichoniuma wala siyo hela, ni vile nilishamuombea dua kabisa yule mtoto.

Siku hizi picha naitafuta kwanza Google nione imetokea wapi, na kama ni matibabu naomba nilipe hospitali moja kwa moja. Wengine wananibloku hapohapo.