Nilivyojifunza kujibu kwa adabu kwa Kihispania

Nilipohamia Puebla, Mexico, kimasomo, Kihispania changu kilinitosha kusoma na kuandika. Kilichonipa kazi ni watu waliokuwa wakinisemesha kwa upole kutwa nzima kisha wakangoja jibu. Mtu anashuka kwenye lifti, anasema "con permiso". Mwingine hanijui kabisa, anapita karibu na meza ninayolia chakula, anasema "provecho". Vitabu vyangu vilinifundisha kuanza: kusalimia, kuomba, kushukuru. Majibu vilikuwa vimeyaruka, isipokuwa "de nada", si kitu.

Njia niliyoitumia niliitoa nyumbani. Kwetu mtoto hafundishwi "shikamoo" peke yake, anafundishwa pamoja na "marahaba". Hodi nayo haikamiliki mpaka karibu isikike. Nikagawa daftari safu mbili. Kushoto niliandika nilichoambiwa, kulia niliandika wenyeji walivyojibu. Majibu sikuyatunga wala sikuyatafuta kwenye kamusi. Nilikaa kimya nikatega sikio, hasa kwenye combi, zile gari ndogo za abiria ambamo nauli inapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Humo unasikia "¿me pasa el pasaje, por favor?", nipitishie nauli tafadhali, halafu "gracias", asante, halafu jibu la shukrani, safari nzima.

"Con permiso" ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Inasemwa na anayetaka kupita, na pia anayeinuka mezani au kuwaacha wenzake kwenye maongezi. Jibu la kawaida ni "pase", yaani pita. Lakini watu wazima wa Mexico wana jibu lao jingine, "propio", neno moja fupi linalompa ruhusa anayeondoka. Nilianza kulitumia na majirani wazee, na niliona nyuso zao zinavyochangamka. Ukiwa mgeni katika nchi ya watu, jibu dogo lililotolewa mahali pake linakufungulia maongezi ambayo sarufi nzuri haiwezi kuyafungua.

"Provecho" ni kumtakia mtu chakula chema. Anayeambiwa anajibu "gracias". Kama aliyesema naye yuko na sahani yake, ongeza "igualmente", nawe pia. Hapa inabidi kuangalia, maana mhudumu aliyekuletea chakula yeye mwenyewe hali chochote. Kwake "gracias" inatosha. Hilo la "igualmente" nawasisitizia wanaoanza, kwa sababu linabeba mengi: mtu akikuambia "mucho gusto", nimefurahi kukufahamu, mnapojuana, "que le vaya bien", kila la heri, mnapoagana, au "buen fin de semana", wikendi njema, siku ya Ijumaa, "igualmente" inajibu zote. Kwa "mucho gusto" unaweza pia kusema "el gusto es mío", furaha ni yangu. Mtu akikuambia "salud" baada ya kupiga chafya, "gracias" inatosha.

Kisha kuna "mande". Mmexico akiitwa jina lake, au asiposikia vizuri ulichosema, huenda akaitika "¿mande?" badala ya "¿qué?", yaani nini, ambayo kwa mkubwa inasikika kavu. Kwa aliyelelewa kuitika "abee" au "naam", hii haihitaji maelezo marefu. Wapo Wamexico wasioipenda, wakisema ina harufu ya utumwa wa zama za ukoloni, kwa kuwa inatokana na kitenzi cha kuamuru. Nimewasikiliza na ninawaelewa. Mimi naitumia kwa wazee walionizoesha, kwa wenzangu wa rika nasema "¿perdón?", samahani, au "¿cómo?", vipi. Ukienda Hispania shikilia hizo mbili, kwani "mande" utaisikia zaidi Mexico.

Suala la "tú", wewe ya wanaozoeana, na "usted", wewe ya heshima, sikulitatua kwa kanuni. Nilisikiliza mwisho wa kitenzi. Mtu akiniuliza hali kwa "¿cómo está?", ya heshima, namjibu "bien, gracias, ¿y usted?", nzuri, asante, na wewe? Akiniuliza "¿cómo estás?" naye ni rika langu, namrudishia "¿y tú?". Mzee akinisemesha kwa "tú", mimi nabaki na "usted" mpaka yeye mwenyewe aniambie "háblame de tú", nisemeshe kwa "tú". Wengi huongeza "gracias a Dios", namshukuru Mungu, baada ya "bien", nami niliipokea mara moja, kwani kwetu pia mtu haulizwi hali akakosa kumshukuru Mungu.

Salamu za nyakati ni nyepesi: "buenos días" hadi saa sita mchana, kisha "buenas tardes", na giza likiingia "buenas noches", ambayo inafaa kukutana na kuagana. Unajibiwa kwa hiyo hiyo. Ukiingia duka dogo au chumba cha kusubiri daktari, wasalimie wote kwa pamoja.

Matamshi hayakunisumbua, kwa sababu irabu tano za Kihispania zinakaribiana sana na zetu. Kumbuka tu kwamba h haitamkwi, isipokuwa ndani ya ch. C ya "gracias" Mexico ni s. Sehemu kubwa ya Hispania ni th, ile ya "thelathini".

Majibu ya "gracias" yenyewe yanatofautiana kwa nchi. "De nada" na "no hay de qué", hakuna haja ya kushukuru, zinaeleweka kote. Mexico nilisikia pia "para servirle", niko hapa kukuhudumia, hasa kwa wenye maduka na mafundi. Colombia na Costa Rica wanapenda "con mucho gusto", kwa furaha kubwa.

Na mezani, "gracias" peke yake huweza kuwa kukataa. Mwenyeji akiuliza "¿le sirvo más?", nikuongeze?, ameshika mwiko wa mole, mchuzi mzito wa pilipili, ukajibu "gracias" huku ukitikisa kichwa, sufuria inarudi jikoni. Kama bado unataka, sema "sí, por favor", ndiyo, tafadhali. Kama umeshiba, sema "ya no, gracias, estuvo muy rico", hapana, asante, kilikuwa kitamu sana. Mwenyeji atakubembeleza tena, pengine zaidi ya mara moja. Rudia maneno hayo hayo kwa tabasamu, na kila ukirudia usiache kukisifu chakula.