Kumbukumbu ya mradi: baiti ya 14, ya 15 na ya 16

Hatimaye mafaili mawili yanayotokana na data ileile yanafanana baiti kwa baiti. Kwa hifadhi ya data inayoandikwa kwa lugha ya C, hilo ni sharti ambalo bila hilo nakala haziwezi kulinganishwa, na hifadhi yangu ilikuwa ikilishindwa kila mara mahali palepale.

Amri ya `cmp -l`, inayolinganisha mafaili mawili baiti kwa baiti, ilionyesha kwamba rekodi ya kwanza inatofautiana kwenye baiti ya 14, ya 15 na ya 16, kisha kwenye baiti nne zinazofuata za CRC32, yaani namba ya kuhakiki inayokokotolewa kutoka kwenye data. Valgrind, zana inayochunguza matumizi ya kumbukumbu programu inapoendeshwa, nayo ililalamika, lakini ndani ya fanksheni ya CRC, kwa sababu Memcheck, sehemu yake inayofanya ukaguzi huo, huziacha baiti zisizojazwa zinakiliwe huku na huko bila kusema neno, mpaka ziamue njia ya programu, zitumike kutafuta anwani, kama inavyotokea kwenye jedwali la CRC, au zikabidhiwe kwa kerneli. Kwa `--track-origins=yes`, chaguo linaloonyesha baiti hizo zilitoka wapi, ilinirudisha kwenye `malloc`, yaani mwito wa kuomba kumbukumbu, inayotenga kichwa cha rekodi, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipokaa: sehemu zote tatu za kichwa, yaani wakati, urefu na aina, zilikuwa zimejazwa mistari michache tu chini ya `malloc` hiyo, wala hapakuwa na njia yoyote ya msimbo inayoruka hata moja.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu. Baiti 8, 4 na 1 ni 13, ilhali `sizeof`, inayotaja ukubwa wa muundo (struct) mzima, inatoa 16, kwa kuwa kompaila huongeza baiti tatu za kujazia mwishoni ili muundo unaofuata ukae kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Baiti hizo hazina jina, hivyo hakuna mstari unaozijaza, lakini `write` na CRC zikipewa `sizeof` huzisoma sawa na nyingine zote. Humo hubaki chochote kilichoachwa na mtumiaji wa awali wa eneo hilo, na katika programu inayoshika nywila au funguo, mabaki hayo ni siri inayotoka nje bila mtu kujua.

Wengi watashauri `memset`, yaani kuweka sifuri kwenye muundo wote, kabla ya kujaza, na kwa kawaida inasaidia. Siikubali kama suluhisho, kwa sababu kiwango cha C kinaruhusu baiti za kujazia zichukue thamani yoyote pale sehemu ya muundo inapoandikwa, na pia kwa sababu sifuri huziba macho ya zana: sehemu itakayosahaulika kesho itaonekana imejazwa sifuri halali, na Valgrind haitakuwa na la kusema. Kuinyamazisha zana bila kuielewa kumewahi kugharimu sana. Mwaka 2006, kwenye Debian, mistari miwili ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, iliondolewa kwa sababu Valgrind ilikuwa ikilalamikia kumbukumbu isiyojazwa. Mmoja kati ya hiyo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu halisi, na hadi Luciano Bello alipoligundua tatizo hilo mwaka 2008, funguo zilikuwa zikitegemea namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768.

Nilichofanya ni kuacha kabisa kuandika muundo wenyewe kwenye diski. Fanksheni moja sasa inaandika baiti 13, moja moja, kwa mpangilio uleule kwenye kila aina ya kichakato, kisha inarudisha idadi iliyoandika. Idadi hiyo ndiyo moyo wa mabadiliko yote: kila bafa, yaani eneo la kushikilia data kwa muda, sasa ina namba mbili, ya uwezo wake na ya kiasi kilichokwisha kujazwa, na hakuna fanksheni ya kuandika au ya kuhakiki inayoruhusiwa kuvuka ile ya pili. Matokeo ya `read` huongezwa kwenye namba ya kujazwa baada tu ya kuthibitisha kwamba ni zaidi ya sifuri, maana huweza kurudisha pungufu ya kilichoombwa, au −1. Waandishi wa Rust wana wazo hilihili katika `MaybeUninit`, iliyothibitishwa rasmi kwenye toleo la 1.36 mwaka 2019, na ninawaonea wivu kwa kuwa kompaila yao haiichukulii thamani kuwa imejazwa mpaka mwandishi mwenyewe atamke hivyo.

MemorySanitizer ya kompaila ya Clang, inayotafuta kosa hilihili, ni ya kasi kuliko Valgrind, lakini hutaka kila maktaba ijengwe upya nayo, la sivyo hutoa kengele za uongo; maktaba yangu ya kubana data ilinikatisha tamaa.

Hatua iliyofuata ilipaswa kuwa kufuta rekodi zilizopitwa na wakati. Nimeiahirisha, kwa sababu glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, ina `MALLOC_PERTURB_`, ambayo hujaza kumbukumbu iliyotoka kutengwa kwa kinyume cha namba unayoipa. Nikaendesha msimbo wa zamani kwa 1, kisha kwa 170, na `cmp -l` ikatoa `14 376 125`, yaani 0xFE dhidi ya 0x55 kwa namba za msingi wa nane: baiti isiyojazwa imejitaja yenyewe, pamoja na mahali ilipo ndani ya faili. Jaribio hilo sasa linaendeshwa kila ninapojenga programu. Haligusi staki, yaani kumbukumbu ya vigeu vya ndani ya fanksheni, kwa hiyo ninajenga pia kwa `-ftrivial-auto-var-init=pattern`, ambayo huvijaza vigeu hivyo kwa thamani inayotambulika na ambayo kompaila ya GCC inayo tangu toleo la 12, na vigeu vya staki ndivyo ninavyovipitia sasa.