Kifaa cha Brasi Kutoka Perama

Mimi ni mkerezaji wa vyuma. Kazi hii niliianza Tanga nikiwa kijana, nikaenda nayo baharini, na hata nilipoacha meli na kuhamia Athens, mikono yangu iliendelea kuitafuta. Ndiyo maana nikikumbuka siku niliyovuta mvuke wa nikotini, badala ya moshi wa sigara, kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kifaa kilichotengenezwa kwa mkono, kinachonijia kwanza ni kile kifaa chenyewe. Mvuke unafuata.

Ilikuwa 2013. Nilikuwa nakaa Kypseli, mtaa ambao mabaharia wengi wa Kitanzania tuliobaki Ugiriki tuliufanya kwetu. Sigara nilianza kuvuta kwenye chumba cha injini, zamu ya usiku, na zamu ziliisha lakini sigara hazikuisha. Ugiriki si mahali rahisi pa kuacha. Ni moja ya nchi za Ulaya zinazovuta sana, na miaka ile ulikuta kibweta cha majivu hata pale ukutani palipobandikwa tangazo la kukataza. Nilikuwa na kikohozi cha asubuhi ambacho mke wangu alikisikia kwenye simu kutoka Tanga, na hakuwa akiniuliza tena kama nimepunguza. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno.

Vepu za dukani, yaani sigara za umeme, nilizijua. Zilikuwa nyembamba, zenye umbo la kalamu, na taa inayowaka ukivuta. Wazo lenyewe nililiheshimu: mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ndiye aliyebuni sigara ya umeme iliyoenea duniani, mwaka 2003, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Lakini ndani ya zile kalamu kulikuwa na saketi ndogo iliyozibwa, huwezi kuifungua bila kuivunja. Ikizima, imekufa. Kwa mtu aliyezoea kufungua pampu ya mafuta hadi springi ya mwisho, kitu cha namna hiyo hakikai moyoni.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, naye baharia mstaafu, ndiye aliyeniambia habari za mzee wa Perama. Tulimwita Mastora, kama Wagiriki wanavyowaita mafundi wao. Perama iko magharibi ya Piraeus, ukitazama kisiwa cha Salamina ng'ambo ya maji, na kwa miaka mingi ndiko meli zilikokwenda kufanyiwa matengenezo. Msukosuko wa uchumi ulipoingia, kazi zikakauka. Karakana zilizokuwa zikipiga kelele usiku na mchana zikafungwa makufuli. Mastora alikuwa na mashine ya kukereza, chuma ghafi cha kutosha, na hakuna meli. Basi akaanza kukereza vifaa vya mvuke. Hakuwa peke yake: Ugiriki tayari ilikuwa na jina kwa kazi hiyo. Vifaa vya chapa ya GG, yaani Golden Greek, vilikuwa vikisakwa na watu wa nchi nyingine. Kimojawapo mwili wake ulirefuka na kufupika ili upokee betri za urefu mbalimbali. Mastora alikisifu sana, ila alisema yeye anataka kidogo zaidi, cha kutoweka kwenye kiganja.

Nilikwenda Jumamosi moja ya Februari. Treni ya kijani kutoka kituo cha Viktoria mpaka Piraeus, kisha basi. Karakana yake ilinuka mafuta ya kukatia chuma, harufu ambayo nilikuwa sijaipata kwa muda mrefu, nikasimama mlangoni kidogo kabla ya kuingia. Hakuniuliza ninavuta sigara ngapi. Aliniuliza nimetumia mashine gani. Nilipomtajia, alivuta kiti.

Akatandika gazeti mezani, akakifungua kifaa kipande kwa kipande mbele yangu. Mwili ulikuwa bomba fupi la brasi, ile shaba ya manjano, lenye kipenyo cha milimita 22. Juu kuna kofia yenye tundu la meno ya skurubu, ambako unafunga kichwa cha kuvukizia. Chini kuna swichi. Katikati inakaa betri moja ya litiamu ya aina iitwayo 18350: milimita 18 kwa upana, 35 kwa urefu, karibu nusu ya ile ndefu ya 18650 waliyoitumia wengi. Hapo ndipo udogo wake ulipotoka. Ndani hamkuwa na waya wala saketi. Mwili wenyewe ndio njia ya umeme. Ukibonyeza swichi, kijiti cha shaba nyekundu kinagusa kitako cha betri, umeme unapita ukutani mwa bomba mpaka juu, unaingia kwenye koili, yaani waya uliozungushwa wa kuchemshia majimaji, koili inapata moto. Ukiachia, springi inarudisha kijiti, umeme unakatika. Basi.

Nilikishika. Kwanza nilipitisha ukucha kwenye meno. Anayejua kukereza anajua kwamba meno ndiyo yanayomsema fundi, maana uso unaweza kuung'arisha kwa msasa ukadanganya mtu, lakini meno huwezi. Yalikuwa safi mpaka mzunguko wa mwisho. Kofia iliingia bila kukwaruza na ikasimama pale pale ilipotakiwa, bila mwanya. Nilimwambia, "Mastora, hii umeikata kwa kupitisha kisu mara ngapi?" Akacheka, akanionyesha vidole, na tangu hapo hatukuwa tena mgeni na mwenyeji.

Kuna jambo alilolirudia, na nataka nilieleze vizuri kwa sababu wengi huvinunua vifaa hivi kwa ajili ya urembo tu. Kifaa cha kimakanika hakina mlinzi. Kikipiga shoti, hakuna saketi ya kuzima. Ikiwa koili ina ukinzani mdogo mno, yaani inazuia umeme kidogo tu, betri itatoa umeme mwingi kupita uwezo wake, itachemka, itatoa gesi. Gesi ikikosa pa kutokea, bomba la chuma linakuwa bomu mkononi mwa mtu, karibu na uso wake. Mastora alikigeuza akanionyesha matundu aliyoyatoboa pembeni mwa swichi, chini, ya kutolea gesi hiyo. Matundu yalikuwa makubwa kuliko nilivyotarajia kwenye kitu kidogo kiasi hicho, na niliona kwamba yaliharibu mstari wa kazi yake. Sikusema kitu. Akasema yeye mwenyewe: "Najua ni mabaya. Yatabaki."

Kisha akasema "2008", akaelekeza kidevu upande wa gati. Julai ya mwaka huo, mlipuko kwenye meli ya gesi iliyokuwa ikitengenezwa pale Perama uliua wafanyakazi 8. Yeye alikuwa karakanani, akausikia. Hakuongeza neno, akaendelea kupanga vipande kwenye gazeti. Mimi pia nimefanya kazi ndani ya matangi. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Springi nayo aliichagua kwa sababu. Wengine walitumia sumaku mbili zinazosukumana, na ukibonyeza ni laini sana. Yeye alitaka springi ambayo moto ukizidi inalegea na kukata mawasiliano. Na chini ya swichi kulikuwa na pete ya kufungia, ili kisiwake chenyewe mfukoni.

Ndipo akaleta mita ya kupimia ukinzani. Koili iliyokuwa kichwani ilisoma omu 1.4. Akanipa penseli. Betri iliyojaa ina volti 4.2, gawanya kwa 1.4, unapata ampia 3; zidisha tena kwa volti, unapata wati 12.6. Kibetri kidogo kile kinabeba ampia 3 bila taabu. Ni hesabu ya shule, ile ya Ohm, lakini sijawahi kuifanya kwa kitu ambacho dakika moja baadaye nitakitia mdomoni. Nilifurahi kuifanya. Katika vitu vyote nilivyowahi kuambiwa vitanisaidia kuacha sigara, hiki kilikuwa cha kwanza kunitaka nikielewe kabla ya kukiamini.

Aliidondoshea pamba iliyopita ndani ya koili matone ya majimaji yake: propilini glikoli, glisarini, nikotini miligramu 12 kwa mililita, na ladha ya mastiha, ule utomvu wa miti ya kisiwa cha Chios. Nikabonyeza. Koili ililia kidogo, tss, nikavuta polepole kama alivyonielekeza, kwa sababu ukivuta kwa nguvu kama sigara unameza hewa tu. Mvuke ulikuja wa vuguvugu, mzito kuliko ule wa kalamu za dukani, na ulipopita kooni uligonga pale pale sigara inapogonga. Ladha ilikuwa karibu na ubani wa nyumbani siku ya Ijumaa. Nilifumba macho. Sikukohoa.

Brasi ilipata joto kidogo kiganjani. Nilikizungusha, nikavuta tena, nikasikia vile swichi inavyoshuka bila kuyumba upande wowote. Mastora hakunitazama mimi, alitazama kidole changu kwenye swichi. Tulikaa hivyo muda mrefu tukizungumza habari za pampu, za mabaharia, za mwanawe aliyehamia Ujerumani kutafuta kazi. Pakiti yangu ya sigara ilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa limening'inia mlangoni. Sikulifuata mpaka wakati wa kuondoka.

Nilipomuuliza bei alikataa kuitaja. "Kwanza funga koili yako, mwanangu." Akanikatia waya wa Kanthal, ule wa kutengenezea koili, wa milimita 0.32, akanipa keekee ya milimita 2.5 niuzungushie. Mizunguko minane, kila mmoja ukigusa wa jirani yake, kisha unaifunga kwenye skurubu mbili za kichwa na kukata ncha. Ncha ikibaki ndefu ikagusa ukuta, umeshapiga shoti. Mita ilisoma 1.5. Akabonyeza mara mbili tatu bila pamba, koili ikaanza kuwaka wekundu katikati na kuenea pembeni sawasawa, akatikisa kichwa kukubali. Pamba niliipitisha mwenyewe, si ya kubana, si ya kulegea, maana ikibana majimaji hayapandi na utavuta moshi wa pamba iliyoungua. Ndipo akataja bei, na ilikuwa ya haki kwa kazi ya mkono wa namna ile.

Wiki zile za mwanzo nilivitumia vyote viwili, sigara na kile kifaa, kisha sigara zikapungua, mwishowe nikaziacha. Nikotini haikuniachia haraka hivyo. Niliishusha kidogo kidogo kwenye majimaji, na ilichukua muda kuliko nilivyopenda. Simdanganyi mtu: mvuke si hewa safi, na ambaye hajawahi kuvuta hana sababu ya kuanza. Lakini hakuna tumbaku inayoungua mle ndani, na kikohozi cha asubuhi kilikwisha kabla ya majira ya joto.

Rafiki yangu wa Mombasa naye alikitamani kama changu. Alikwenda Perama na fedha mkononi, ila alitaka mawingu makubwa kama ya vijana, koili ya omu 0.2. Mastora alimpa penseli ileile. Ampia 21. Akamwambia kwa betri ile, hapana, na kwa mtu anayetaka hivyo hatatengeneza hata kwa betri kubwa. Akanunue chenye saketi ya kumlinda. Rafiki yangu alirudi amekasirika, akaja kwangu nimwombee kwa mzee. Nilimkatalia, tukabishana jioni nzima pale Kypseli, mpaka nilipokifungua changu mezani nikaanza kumwonyesha matundu.