Nani Alikula Bata?

"Baba, nani alikula huyu bata?"

Alikuwa amechuchumaa mbele ya boksi tulilolishusha juu ya kabati juzi, kwa sababu ambayo tumbo la mama yake limeshaitangaza. Mkononi ana kitabu cha kurasa ngumu, kidogo kama kiganja changu, na ukurasa wa nne, kona ya chini, bata hana mkia wala nusu ya maji aliyokuwa akiogelea.

"Wewe," nikamjibu.

Akanitazama kama mtu aliyesingiziwa.

Alikuwa na miezi minane na meno mawili, yote ya chini. Zamu ya kumlaza ilikuwa yangu, na niliiendesha kama mwanajeshi: kuoga, nguo za kulalia, taa kubwa inazimwa inabaki ya pembeni, vitabu viwili, maziwa, kitandani. Vitabu vilikuwa viwili tu, vilevile kila siku kwa wiki nzima, kwa sababu mtoto wa umri ule hachoki kurudiwa. Anayechoka ni wewe.

Katika kuchagua vitabu nilijiona fundi. Wiki zile za mwanzo nilimletea vya picha nyeusi na nyeupe, kwa kuwa mtoto mchanga haoni vizuri zaidi ya sentimita 20 hadi 30, kama umbali wa kutoka ziwani hadi usoni pa mama yake, na nikajifunza kukishika kitabu hapo hapo badala ya kukinyoosha mbali kama mwalimu ubaoni. Alipoanza kudaka vitu, vigezo vikabadilika. Kona ziwe za mviringo. Kurasa zisizidi kumi na mbili. Kitabu kiingie kwenye mikono yake miwili. Picha moja kila ukurasa, nyuma yake pawe patupu, na maneno machache kiasi cha kumalizika kabla hajafunua. Karatasi isiyong'aa sana, maana inayong'aa hurudisha mwanga wa taa ya pembeni na mtoto anabaki kuutazama huo mwanga. Vya kufunua vidirisha nilivikwepa, vidirisha havimalizi wiki. Vya kubonyeza vikalia sikuvigusa kabisa. Sauti humwamsha mtoto uliyehangaika kumtuliza, na ndani mna betri zile bapa kama kifungo, ambazo mtoto akiimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Kama umezawadiwa cha namna hiyo, hakikisha kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, kisha kiache kiwe kitabu cha mchana, na wewe ukiwepo.

Nilikuwa hata na jaribio langu: unafungua kitabu katikati, unakilaza chali, unatazama mgongo. Gundi ikilia au ukurasa ukiinuka, kirudishe. Kisha unabonyeza kona kwa ukucha. Ikibonyea, haitastahimili meno.

Cha bata kilifaulu yote hayo.

Usiku ule nilimpakata, mgongo wake kifuani pangu, kitabu mbele yetu sote wawili. Alikuwa anafunua kurasa mbili mbili, mara mbele, mara nyuma, nami nilishaacha kugombana naye. Ninasema lililopo ukurasani. Ng'ombe. Tena ng'ombe. Paka. Bata. Kwa bata akasimama, akakivuta kitabu mdomoni, nikamwachia. Wakati ule mdomo ndio unaosoma, macho yanafuata. Nikaendelea kwa kichwa, bata anaogelea, bata anapiga mbizi, huku nikiwaza mambo yangu.

Kilichonishtua ni ukimya. Mtoto akiguguna kitabu anatoa sauti, kama kiatu kilichoingia maji. Sauti ile ilikatika. Nikainama nimtazame kwa upande. Kidevu kimelowa udenda wa kijivu. Kona ya kitabu imefumuka, tabaka zake zimejitandaza moja juu ya nyingine kama ua lililochanua vibaya, na pale ulipokuwa mkia wa bata pamebaki manyuzi meupe. Akakohoa. Akanyamaza. Akanitazama, macho makubwa, wala hakulia, na katika ule muda usiozidi pumzi moja kidole changu kilikuwa kimeshanyooka kuelekea mdomoni mwake.

Nilikizuia, ingawa sijui ilikuwa kwa maarifa au kwa woga. Nilishafundishwa: usichokore usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, hakuna dawa inayoshinda kikohozi chake mwenyewe. Akikosa sauti na pumzi, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kisha umgeuze, misukumo 5 ya kifua, urudie, na kuna mtu apige simu ya msaada. Yote niliyajua. Kwa mpangilio ulionijia usiku ule, simu ilikuwa ya kwanza, kifua cha pili, na mgongo sikuukumbuka kabisa.

Akakohoa tena. Kikohozi kikubwa, cha mzee. Kisha akaachia kilio, na mdomo ulipofunguka nikamwona bata: kipande cha njano, kimebandika kwenye kaakaa kama stempu kwenye bahasha. Hicho nilikiona, kwa hiyo nilikitoa, kidole cha mwisho kikipita shavuni na kukikokota kuja mbele. Nikakitandaza kwenye goti langu. Ulikuwa mkia, lakini haukutimia. Sehemu iliyobaki ilijitokeza keshokutwa yake kwenye nepi, na hapo nanyamaza.

Sasa, kwa nini kitabu kilichofaulu mtihani wangu kilifumuka? Kitabu cha namna hii hakitengenezwi kwa kipande kimoja. Ni karatasi iliyochapwa ikabandikwa kwenye kadibodi kwa gundi, ikapakwa juu utando wa kuzuia unyevu. Utando unakaa usoni mwa ukurasa tu. Pembeni, kisu kilipopita, kadibodi iko wazi, na maji huingilia hapo. Udenda wa dakika tano hukauka, lakini kitabu kikiloweshwa kinavimba ndani, gundi inaachia, na kwa nje kinaonekana kizima. Njia ya salama ni kitambaa kilichokamuliwa sana, tone la sabuni, unapangusa ukurasa baada ya ukurasa, halafu unakisimamisha wima, kurasa zimeachana kama feni, hadi kesho yake.

Siku nne kabla, mtoto alikuwa amekicheulia maziwa, nami nilikiosha bombani na kukifunga kikiwa kibichi. Mama yake nilimsimulia habari ya kutafuna. Ya bomba anaisoma leo hapa pamoja nanyi.

Nikakificha. Nikaleta kingine, kizuri zaidi kwa kila kigezo, na kwa usiku tatu alikuwa anakishika, anakigeuza mgongo, anakidondosha chini, kisha ananitazama mikononi. Usiku wa nne nikakirudisha kile cha bata. Niliikata kona yote iliyolegea kwa mkasi hadi nikafika kwenye kadibodi ngumu, nikaizungusha, nikaisugua kwa msasa. Selotepu sikutia, kwa sababu selotepu nayo hubanduka na yenyewe ni ya kukaba. Na toka siku hiyo nilikishika mimi, yeye anatazama. Kila jioni nikipitisha ukucha kwenye kona za vyote viwili, nikivuta, kabla ya kumpakata. Kwa bata nilisema "mkia" nikionyesha mahali pasipokuwa na kitu, naye akaweka kidole hapo hapo.

Nimemweleza mwanangu haya yote, kwa kifupi, bila nepi. Nilisema pia kwamba mtoto anayekuja hatapewa hicho, ni kikuukuu na tayari kina historia. Yeye anasema atapewa, kwa sababu ni cha kwake na anampa amtakaye. Hatujaafikiana.

Akabaki anakichunguza. Kisha akakipeleka mdomoni, kona ile iliyokatwa, apime kama kweli ni yeye. Ana miaka sita sasa. Yale meno mawili ya chini ndiyo yaliyotangulia kuota na ndiyo yaliyotangulia kung'oka, moja mwezi uliopita, la pili Jumanne. Akauma kwa ufizi mtupu, akakitoa kitabu, akakitazama tena.

"Ushahidi hakuna," akasema.