Bat, bi, tatu

Boise, mji wa jimbo la Idaho huku Marekani, hatukuwa na safari nayo, tulikuwa tunapita tu. Mdogo wangu amejifungua Portland, jimbo la Oregon, nami nilitaka kufika kabla arobaini haijaisha nimpikie uji wa pilipili manga. Kutoka kwetu Salt Lake City hadi Boise ni kama maili 340, na Baba Idrisa alisema tutalala hapo Ijumaa usiku, Jumamosi tukishakunywa chai tunaondoka. Mwisho wake tuliondoka Boise saa tisa alasiri.

Asubuhi tulianzia kwenye jengo la bunge la jimbo la Idaho, kwa kuwa kuba lake linaonekana ukiwa mbali. Mawe yake ya mchanga yalitoka Table Rock, kilima kile kile unachokiona ukigeuka mashariki, na wafungwa ndio walioyasafirisha hadi mjini. Nililigusa moja, likanikwaruza kiganja kama msasa. Lakini kilichonisimamisha ni kusoma kwamba wakati wa baridi jengo zima hupashwa joto kwa maji moto yanayovutwa kutoka chini ya ardhi. Mimi ni mtoto wa Tanga. Bibi yangu alipokuwa anasumbuliwa na miguu tulikuwa tunampeleka Amboni, anakaa kwenye maji moto yenye harufu ya kiberiti mpaka anasinzia. Hapa maji ya namna hiyo yanapita kwenye mabomba chini ya mitaa, na nyumba za kwanza zilianza kuyatumia tangu miaka ya 1890.

Tukashuka na Barabara ya 8 mpaka kwenye soko la Jumamosi. Mbele ya meza moja ya mboga nikasikia Kiswahili. Mama wa makamo, kitenge kiunoni, anamwelekeza binti yake apange mafungu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Jambo, mama. Uko unatoka wapi?" Yeye kwao Uvira, Kongo. Kwenye meza yake kulikuwa na mchicha, mchicha wenyewe, wa majani mapana yenye mashina mekundu, bado una matone ya maji. "Sisi tunaita lengalenga," akaniambia. Nikanunua mafungu manne.

Kisha akainama kwa Idrisa. "Jina lako nani, baba?" Mwanangu akajificha nyuma ya dera langu, akajibu kwa Kiingereza.

Hili ndilo linaloniuma. Idrisa ana miaka minne. Nikimwambia leta viatu, analeta. Nikimwambia usiguse, hagusi. Anaelewa kila kitu, ila ulimi wake umeshahamia kwingine. Nilitaka kujitetea, lakini yule mama hakunilaumu. Alisema tu, "Anasikia huyu. Wewe endelea kumusemesha."

Hapo tulikuwa karibu na mtaa wa Grove, kwenye kipande wanachokiita Basque Block. Wabaski ni watu wa milima inayopakana kati ya Hispania na Ufaransa, na lugha yao haina undugu na lugha nyingine yoyote inayojulikana. Wengi waliokuja Idaho walikuwa vijana, na kazi iliyowangoja ilikuwa kuchunga kondoo milimani, miezi kwa miezi, mtu na mbwa wake. Wakirudi mjini walikuwa wanapanga kwenye nyumba za Wabaski wenzao, wale chakula cha kwao na waongee cha kwao. Nyumba moja bado ipo, ya matofali, ilijengwa mwaka 1864, sasa ni sehemu ya makumbusho yao. Nilisimama kwenye chumba cha kulia nikifikiria kijana anayeingia hapo baada ya kimya cha miezi, anasikia mtu akisema "nipitishie mkate" kwa lugha ya mama yake.

Na hawakuiacha. Tangu mwaka 1998 wana shule yao ya chekechea hapa Boise ambako watoto wadogo wanafundishwa kwa Kibaski. Watoto waliozaliwa Marekani, wengine hata wazazi wao walizaliwa Marekani! Niliposoma hivyo nilimwita Baba Idrisa aje asome na yeye.

Chakula cha mchana tulikula mtaa huo huo. Niliuliza kipi hakina nguruwe, kijana aliyetuhudumia akatuletea tortilla. Ni chipsi mayai. Nzito zaidi, viazi vimepangwa tabaka na vitunguu, inaliwa ikiwa imepoa, lakini ni chipsi mayai, na Idrisa aliitambua kabla yangu. Pembeni kulikuwa na kisahani cha zeituni. Yule kijana, mwenyewe Mbaski, alipomwona mtoto anazichezea akachuchumaa usawa wa meza akaanza kuzihesabu: bat, bi, hiru, lau, bost. Idrisa akarudia, kila namba na zeituni yake mdomoni. Bila haya, bila kujificha. Nami nikasogeza kisahani upande wangu, nikahesabu zilizobaki: moja, mbili, tatu. Akarudia na hizo pia. Tukaendelea hivyo mpaka zikabaki kokwa, tukahesabu na kokwa. Wakati wa kuaga nilisema "eskerrik asko", ndiyo asante yao. Yule kijana akaniuliza kwetu tunasemaje, nikamfundisha.

Kichochoro cha Boise chenye michoro ya ukutani tulikipita mbio, maana Portland ilikuwa bado saa saba mbele.

Mchicha niliufunga kwenye kanga yenye unyevu nikauweka miguuni pangu, usije ukanyauka. Tulipovuka mpaka wa Oregon, barabara ikaanza kupanda, malori yakawa mengi. Nilidhani Idrisa amelala. Nikasikia sauti nyuma ya kiti, taratibu, kidole kwenye kioo, lori kwa lori: "Bat. Bi. Tatu."

Baba Idrisa akapunguza mwendo ili malori yatupite.