Mto Uliohamia Chumba cha Watoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu binti yetu alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Amejifungua salama, tunamshukuru Mungu, na anaomba mama yake akamlelee mtoto mwaka mzima. Nikajibu upesi, "Aende tu." Mke wangu akanitazama, asiseme neno.

Niwaambie ukweli. Nina miaka 61, na kisukari ninacho mwaka wa saba huu. Nguvu za kiume zilipoanza kuniishia, nilinyamaza. Nikasingizia kukoroma, nikabeba mto wangu hadi chumba cha watoto. Kila usiku mke wangu hunifuata huko na dawa na kikombe cha maji ya uvuguvugu, hukaa ukingoni mwa kitanda kidogo, kisha huondoka. Jumatatu hiyo hakuondoka. "Baba, nimekukosea nini?" Miezi minane amelibeba swali hilo, akidhani ni uzee wa mwili wake ulionikimbiza. Nililia.

Alhamisi tulikwenda kliniki pamoja. Daktari akatueleza kwamba sukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na kwamba tatizo hili lina matibabu. Mke wangu naye akapata ujasiri wa kusema maumivu yake. Kumbe hedhi ikikoma, ukavu huwapata wanawake wengi, na kwao pia msaada upo. Wote wawili tulikuwa tunaficha.

Nimekuwa nikimsoma Isaka wiki hii. Alikuwa na miaka 60 Esau na Yakobo walipozaliwa, na Maandiko yanaendelea kutuonyesha kule Gerari mfalme akichungulia dirishani, akamwona akicheza na Rebeka mkewe. Anacheza naye! Mungu hakuona haya kuliandika hilo, sisi tunaona haya hata kushikana mikono sebuleni.

Wazee wenzangu, acheni kununua unga wa nguvu vichochoroni, huku mkeo hajui hata kwamba unaumwa. Wengine mmekwenda kwa mabinti wadogo kujipima kama bado mpo. Rudini. Mke wa ujana wako ndiye huyo aliyelala chumba cha pili, yuko macho. Siku mwili usipoweza, mkono wako begani mwake unaweza. Mwambie. Aibu yako ukimficha, anaigeuza kuwa hatia yake.

Nanyi watoto wetu, mnapomchukua mama, muulizeni na baba. Paulo alisema wenzi wasinyimane, isipokuwa wamepatana kwa muda. Kuna baba wengi huko vijijini wamebaki na kuku na redio, mwaka wa tatu sasa, na hakuna aliyekaa nao kupatana.

Jana nimempigia binti yetu. Mama atakaa hadi arobaini ya mtoto, nami nakuja naye. Akasema, "Baba, kitanda cha wageni ni kidogo." Nikamwambia atutandikie godoro chini, mito miwili.